Yai la Bibi Tupokigwe

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani sikuiona. Wewe ukiiona mahali, basi umeiona kwa macho yako mwenyewe, mimi sikukuonyesha.

Inaitwa Jamhuri ya Shukrani. Mkuu wake haitwi rais wala mfalme. Vyeo hivyo alivikataa kwa unyenyekevu, akabaki na jina moja dogo tu: Mtoaji Mkuu. Barabara ametoa yeye. Dawa, pale zilipo, ametoa yeye. Pale zisipokuwapo, ametoa subira. Mvua ikinyesha, redio ya taifa husema Mtoaji Mkuu ametoa mvua. Isiponyesha, redio hupiga muziki. Kwa kuwa kila kitu kinatolewa na mtu mmoja, kazi ya wananchi imekuwa nyepesi sana: kushukuru. Tunashukuru shuleni asubuhi, tunashukuru kwenye foleni ya maji, na mtu akipigwa na askari kuna fomu fupi ya shukrani, huijaza kabla hajatoka kituoni.

Ni kanisani tu mambo yalikokuwa yamekaa vibaya. Wizara ya Matoleo na Shukrani iligundua kwamba kila Jumapili, mahubiri yakiisha, watu husimama, huimba, hucheza kwenda mbele na ndizi na mahindi na kuku waliofungwa miguu, wakamtolea Mungu moja kwa moja bila kupitia wizarani. Jambo hilo lilikuwa likitendeka mchana kweupe kwa zaidi ya miaka mia moja. Wakurugenzi walikosa usingizi. Mtu wa kawaida anawezaje kutoa, waliulizana, katika nchi ambayo tayari ina Mtoaji?

Ndipo ukaandikwa Mwongozo wa Taifa wa Utoaji wa Hiari, kurasa arobaini na mbili. Ukurasa wa kwanza ulipiga marufuku fedha katika sadaka, maana noti ina picha ya Mtoaji Mkuu, na si adabu kumkunja Mtoaji Mkuu mara nne na kumtumbukiza kapuni. Vitu tu ndivyo vitolewe. Na kwa kuwa vitu vinavyotolewa hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada, mnada nao uwe wa kitu kwa kitu: anayetaka jogoo ataje alicho nacho, na mnadi ndiye mzani. Kurasa nyingine zilieleza mpangilio, vyeo, mito ya kukalia na urefu wa makofi. Mwongozo ulisainiwa na watu kumi na tisa na, kama ilivyo kawaida ya nyaraka nzito, haukusomwa na yeyote kati yao.

*

Sasa, bondeni, katika Usharika wa Mabondeni, kulikuwa na mjane mmoja, Bibi Tupokigwe. Alikuwa na ekari moja na nusu ya viazi na migomba, na katikati yake chemchemi ambayo haijawahi kukauka. Siku moja Shemeji wa Taifa alipita hapo. Shemeji wa Taifa ni cheo. Mwenye nacho ni kaka wa mke wa Mtoaji Mkuu. Gari lake lilikuwa limechemka, akateka maji ya chemchemi, akanywa kidogo yaliyobaki, akayasifu. Kuanzia siku hiyo moyo wake haukutulia. Alitaka kuyatia maji yale kwenye chupa na kutuuzia.

Msomaji mwenye haraka atauliza kwa nini hawakulichukua tu shamba. Katika Jamhuri ya Shukrani, kunyang'anya ni kosa la jinai. Kwa hiyo hufanyika kanisani.

Barua ilimfikia Bibi Tupokigwe ikiwa na muhuri wa dhahabu. Ilianza kwa neno Hongera. Ilimjulisha kwamba ardhi yote ni zawadi ya Mtoaji Mkuu, kwamba zawadi inaweza kutolewa mara ya pili, na kwamba shamba lake limeteuliwa, kati ya mashamba mengi yaliyoomba nafasi hiyo, kuwa sadaka ya Mtoaji Mkuu mwenyewe Jumapili ya Mavuno. Chini kulikuwa na swali: Furaha yako ni (a) kubwa, (b) kubwa sana, (c) siwezi kueleza. Bibi aliandika pembeni kwamba hana furaha, ana viazi ambavyo havijakomaa. Wizara ilipokea jibu hilo ikaliweka kwenye (c).

Aliyeleta barua alikuwa Bwana Fulgensi Kadege, Afisa Mkuu wa Nia Njema. Alikuwa mtu mwema. Alikaa kwenye kigoda, akala kiazi, akaeleza mpango wote bila kuficha, maana katika nchi yetu mambo hufichwa tu yanapokuwa na aibu. Mtoaji Mkuu atatoa shamba. Baada ya ibada litanadiwa. Shemeji atalinunua kwa mfuko mmoja wa saruji, na saruji itakarabati ngazi za kanisa. Mungu atapata ngazi, Shemeji atapata maji, na Bibi atapata sifa redioni.

"Na mimi nitatoa nini?" Bibi Tupokigwe aliuliza.

"Wewe, bibi, si umeshatoa shamba."

"Umesema shamba anatoa yeye."

Kadege alitafuna polepole. "Anatoa yeye. Wewe unapiga makofi."

"Basi mimi sijatoa bado, mwanangu. Nami sijawahi kwenda Jumapili ya Mavuno mikono mitupu."

Afisa alicheka. Wizara inawapenda sana wajane, alimwambia. Yule wa Injili, wa sarafu mbili, picha yake imetundikwa ofisini kwao, kwa sababu alitoa cha mwisho alichokuwa nacho bila kuuliza maswali. Kama ni lazima kutoa, bibi atoe hata yai. Kisha akamwachia nakala ya Mwongozo, kwa kuwa buti la gari lilijaa nakala ambazo hakuna aliyezitaka, na mzigo ule ulikuwa unagonga gonga njiani.

Hilo ndilo kosa pekee lililofanywa na Wizara mwaka ule, nami nalitaja kwa masikitiko. Bibi Tupokigwe alikuwa msomaji wa masomo kanisani kwa miaka thelathini. Husoma kila kitu hadi mwisho, hata karatasi iliyokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa. Aliusoma Mwongozo siku tatu, kidole chini ya mstari. Siku ya nne alikwenda kwa Mzee Asegelile, mnadi wa usharika, wakaongea uani kuanzia chai hadi chakula cha mchana. Baada ya hapo Mzee Asegelile naye akapita nyumba kwa nyumba, akidai anatafuta mbuzi wake aliyepotea. Mzee Asegelile hana mbuzi.

*

Jumapili ya Mavuno walikuja kwa magari kumi na moja. Redio ya taifa ilitandaza nyaya zake kati ya mabenchi ili nchi nzima isikie. Viti vya mbele vilikuwa na mito, na kwa Mwongozo, mito ni ya watumishi wa meza ya sadaka tu. Kwa hiyo msafara mzima, makatibu, walinzi, madereva, hata mpiga picha, ulikuwa umejiandikisha kuwa watumishi wa meza. Shemeji peke yake aliandikwa muumini wa kawaida, kwa sababu yeye alikuwa na ununuzi.

Mtoaji Mkuu alihutubia kwanza, Mungu baadaye. Aliinua Mwongozo juu. Alisema ameuandika kwa mkono wake mwenyewe, usiku, akiwafikiria maskini, na kwamba atakayevunja kifungu kimoja amemvunja yeye. Nchi nzima ilisikia hivyo. Kisha Mchungaji Lwitiko akasoma mahubiri yaliyoletwa na Wizara, yaliyoeleza maana ya matoleo kwa muda wa saa moja: kwamba mwenye nacho hutoa mfano, na asiye nacho hutoa nafasi. Aliyasoma vizuri, bila kukosea neno, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka dhidi ya jirani yake.

Wakati wa matoleo ulipofika, kwaya iliimba na watu wakainuka kwa mistari. Mbele kabisa alikwenda Mtoaji Mkuu na sinia la fedha, na juu ya sinia bonge la udongo mweusi. Walinzi walikuwa wamelichimba asubuhi ile shambani kwa Bibi Tupokigwe. Mzizi wa kiazi ulikuwa ukining'inia pembeni. Nyuma yake, hatua mbili, alikuja Bibi mwenyewe, yai moja ndani ya viganja vyote viwili, akilibeba kama anabeba maji. Waliweka mezani pamoja. Mtoaji Mkuu alilitazama yai, akatabasamu, lile tabasamu la kwenye noti. Bibi hakuangalia sinia. Aliutambua udongo wake kwa harufu.

*

Mnada ulifunguliwa nje, saa tano. Kwa Mwongozo, ukurasa wa ishirini na nane, vitu hunadiwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, ili zawadi ya Mtoaji Mkuu ing'ae mwishoni. Na hakuna kitu kinachofuata mpaka kilichotangulia kipate mwenye kukaa nacho. Mzee Asegelile alipanda juu ya kreti, akaliinua yai juani.

Mama mmoja alitaja maboga mawili. Akauziwa. Akalipokea yai, akaligeuza, akasema anamrudishia Bwana, linadiwe tena. Watu wakapiga vigelegele. Hii ni desturi ya zamani, na Mwongozo unaisifu sana. Unaiita sadaka juu ya sadaka. Yai likanadiwa mara ya pili, likanunuliwa kwa mkungu wa ndizi, likarudishwa. Mara ya tatu, mzigo wa kuni. Mara ya nne, siku mbili za kulima shamba la kanisa. Kila mnunuzi alilirudisha, na kila lilipotua mikononi mwa Mzee Asegelile alilitazama kama hajawahi kuliona.

Saa sita Mtoaji Mkuu alikuwa bado anatabasamu. Saa saba tabasamu lilibaki midomoni peke yake. Mtangazaji wa redio, aliyeambiwa azungumze bila kunyamaza, alikwisha kueleza rangi ya yai, umbo la yai, na umuhimu wa kuku katika maendeleo. Mpaka saa nane yai lile lilikuwa limeuzwa mara ishirini na sita, na rundo la maboga na kuni na ndizi lilikuwa limefika madirishani mwa kanisa.

Kadege aliinama sikioni mwa Shemeji. Akamwambia anunue yai alizuie. Shemeji alikuwa na mfuko wa saruji tu garini, nao ulikuwa wa shamba. Akatumia alichokuwa nacho mwilini. Alitaja tai yake.

Sasa, msomaji, mtu akiitwa Shemeji wa Taifa, anakuwa shemeji wa wanawake wote wa taifa, na utani wa shemeji hauhitaji kibali. Mama wa maboga aliongeza debe la mahindi. Shemeji akaongeza mkanda.

"Shika suruali, shemeji yetu," mama wa maboga alimwambia kwa upole. "Shemeji zako wako hapa."

Akaongeza saa ya mkononi. Mtu akataja majembe mawili na kazi ya wiki. Akaongeza viatu. Mzee Asegelile aliviinua, akavigonga gonga, akasema viatu vya mjini tope la bondeni litavimaliza kabla ya Jumatano. Wiki ya kazi bado iko juu. Shemeji alikuwa sasa amesimama na soksi kwenye nyasi, jasho likimtiririka. Akageuka kwa dereva wake, akanguruma kwamba anatoa tairi la akiba la gari la serikali, na atakayeongeza juu yake atamjua.

Mzee Asegelile alifikiri. Watu walimtazama Bibi Tupokigwe. Bibi alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayemfukuza nzi, na hakuna aliyeongeza.

"Tairi linapita," alisema Mzee Asegelile. "Rimu yake itatufaa kwa kengele. Yai unalirudisha, shemeji, au unakaa nalo?"

"Nakaa nalo."

"Sema kwenye kipaza sauti, nchi ikusikie."

"Nimesema nakaa nalo."

Akalitia yai kwenye mfuko wa koti. Watu wote wa Mabondeni walipiga makofi, marefu kuliko ulivyoagiza Mwongozo.

Baada ya hapo mnada ulikwenda kama maji kwenye mteremko. Maembe, kuku, mbuzi, kila kitu kilinunuliwa mara moja na mnunuzi akakaa nacho pembeni. Saa tisa na nusu kulibaki sinia la fedha na bonge la udongo, ambalo sasa lilikuwa limekauka na kupasuka. Mtangazaji aliishusha sauti. Shemeji alisogea mbele na soksi zake, dereva nyuma yake na mfuko wa saruji begani.

"Mfuko wa saruji," alisema Shemeji.

Mzee Asegelile alimwita Bibi Tupokigwe, kwa kuwa ndiye msomaji wa usharika, amsomee ukurasa wa thelathini na moja. Bibi akavaa miwani. Akasoma kama asomavyo siku zote, taratibu, akipumzika penye nukta. Kifungu kilisema kwamba Mtoaji Mkuu, kwa upendo wake, anataka baraka ziwafikie wote. Kwa hiyo mtu mmoja, baraka moja. Aliyekinunua kitu akakaa nacho amekwisha kupata baraka yake, hatanunua tena siku hiyo. Aliyerudisha bado hajapata.

"Wewe, shemeji, yako iko mfukoni," alisema Mzee Asegelile.

Kadege aliuchukua Mwongozo mikononi mwa Bibi, akautazama ukurasa ule, akautazama upande wa pili kana kwamba huko kungekuwa na majibu mazuri zaidi. Alimwamuru katibu anunue. Bibi, kwa kumbukumbu, akasema ukurasa wa kumi na mbili: watumishi wa meza hawanunui. Walinzi? Watumishi wa meza. Madereva? Wamekalia mito tangu asubuhi. Na Mtoaji Mkuu mwenyewe hawezi kununua alichokitoa. Hilo halikuhitaji ukurasa.

Ndipo Afisa Mkuu wa Nia Njema alipowageukia watu. Alisema Wizara inatafuta muumini mzalendo wa kununua kwa niaba yake, na mzalendo huyo atapewa bati ishirini, mpya, leo hii, ziko kwenye lori.

Kila mtu bondeni anajua paa la nani linavuja. La Ambakisye linavuja kiasi kwamba watoto wake hulala chini ya meza masika yote. Naye alikuwa hajakaa na kitu siku ile. Ambakisye alisimama. Mkewe alitazama chini. Bibi Tupokigwe alivua miwani yake, akaifuta, akairudisha.

Ambakisye alilitazama lori kwa muda mrefu.

"Nimesimama kunyoosha mguu," alisema, akakaa.

Hakuna mwingine aliyesimama. Watu mia tatu walikaa kimya kwenye nyasi, na redio ya taifa ikaurusha ukimya huo kila wilaya. Bibi Tupokigwe ndipo alipokwenda ukutani, akalichukua jembe lake alilolisimamisha pale asubuhi, akaja nalo hadi kwenye kreti.

"Nanunua kwa hili," alisema. "Sina lingine."

Mzee Asegelile aliita mara ya kwanza. Akaita mara ya pili. Sijawahi kusikia mara ya tatu ikichelewa namna ile. Kisha akamkabidhi Bibi sinia, na Bibi akautoa udongo akautia kwenye kanga yake, akaufunga fundo, sinia akamrudishia Mtoaji Mkuu.

*

Kulibaki kushukuru. Kadege, kwa mazoea tu, masikini, mkono ulijiendea wenyewe, akamsogezea kipaza sauti amshukuru Mtoaji Mkuu aliyetoa shamba.

Bibi Tupokigwe alikishika kama anavyoshika kila siku cha kusomea masomo.

"Mimi leo nimetoa yai na jembe," alisema. "Vyote vilikuwa vyangu, na jembe litaniuma kesho alfajiri. Kutoa ni kuachia chako. Ukichukua cha mwenzako ukakiweka mezani pa Mungu, hujatoa, baba. Umehamisha. Na Mungu si dalali."

Redio ya taifa ikapiga muziki.

Msafara uliondoka upesi. Shemeji wa Taifa alijitupa kwenye kiti cha nyuma kwa hasira, akakaa juu ya baraka yake. Gari lake, lisilo na tairi la akiba, lilipata pancha kilomita nne baadaye, palepale kwenye kona ambayo redio husema ina lami.

Serikali yetu haina kinyongo. Mchungaji Lwitiko alihamishiwa usharika ambao hauna watu, hauna barabara na hauna kanisa, ili apumzike. Mzee Asegelile alifungiwa kunadi miaka miwili. Sasa anayenadi ni mkewe. Jembe la Bibi liliwekwa chini ya madhabahu, na kila alfajiri huliazima, na kila jioni hulirudisha. Paa la Ambakisye bado linavuja, ila masika yaliyofuata watoto wake walilala kwa zamu katika nyumba saba. Na Wizara ikatoa Mwongozo mpya, kurasa sitini, ambao unapiga marufuku mayai katika sadaka, yawe mabichi, ya kuchemsha, au viza.

Jumapili ya kwanza baada ya Mwongozo huo Kadege alitumwa kukagua. Kengele ilipigwa, ile rimu, nayo ina mlio mzuri sana wa kiserikali. Wakati wa matoleo watu walisimama kwa mistari, wakaimba, wakaja mbele. Hapakuwa na yai hata moja. Kila mtu alikuja na kuku jike.

Kuku wa Ambakisye alikuwa wa kwanza. Alijikunja chini ya kiti chenye mto, akakaa kidogo akiwaza mambo yake, akainuka akipiga kelele za ushindi. Yai liliviringika taratibu hadi kwenye kiatu cha Afisa Mkuu wa Nia Njema, likasimama.

Bwana Kadege alilitazama. Akauvuta Mwongozo mpya kutoka kwapani, akaufungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya mstari. Bibi Tupokigwe alimpitishia miwani yake.